Jinsi ya kulisoma kanisa dogo la kijijini Ujerumani, kuanzia mimbari mpaka darini

Hiki kitu nimekiona mara nyingi. Watu wamekuja Ujerumani kwa ziara ya usharika rafiki, au ni wanafunzi tu, wikiendi wenyeji wanawapeleka kuona kanisa la kijijini, mwenyeji anasema hili lilijengwa karne ya 13, watu wanaitikia "aaa", zinapigwa picha tatu mlangoni na moja ya kundi, halafu safari imeisha. Na mi nilikuwa hivyohivyo kwa muda mrefu tu, naingia natoka, nimeona mawe na msalaba basi.

Kumbe shida ni kwamba tunaanza na ukuta. Ukuta wa kanisa la kijijini umekaa palepale miaka mia saba, haukugombana na mtu. Vilivyogombaniwa ni vitu vya ndani: mimbari ikae wapi, altare (madhabahu) iwe na picha au isiwe nazo, mtoto abatizwe wapi, nani akae mbele na nani apande juu roshani. Hivyo vitu vimehamishwa, vimepakwa rangi juu ya rangi, vimepandishwa darini kwa aibu na baada ya miaka mia vikateremshwa kwa heshima. Ukitaka kujua historia ya kanisa dogo la Kiprotestanti fuata fenicha, na kila kifaa ukiulize swali moja tu: ulikuwa wapi kabla ya kuwa hapa?

Vya kubeba ni vichache. Tochi ya maana (ya simu inatosha ukiwa chini ila darini hapana), daftari, sarafu za sanduku la sadaka, na koti hata kama ni Julai manake kanisa la mawe ndani lina baridi yake lenyewe. Ukiwa na darubini ndogo ya kuangalia maandishi ya juu, safi sana. Mlango ukiwa umefungwa usikate tamaa, angalia ubao wa matangazo pale nje, mara nyingi kuna karatasi inasema ufunguo uko nyumba namba fulani au kuna namba ya simu ya mtunza kanisa. Gonga, salimia, jieleze unatoka wapi na unataka kuona nini. Mara nyingi huyo mzee au mama atakuja na wewe, na hapo umeshapata mwalimu wa bure.

Nje: dakika kumi zinatosha

Kaskazini mashariki, Brandenburg na maeneo ya jirani, makanisa mengi ya kijijini yamejengwa kwa mawe ya shambani, yaani yale mawe magumu yaliyosukumwa na barafu enzi za barafu na wakulima wakayaokota mashambani. Angalia namna yalivyopangwa. Mawe yaliyochongwa pembe vizuri na kupangwa mistari iliyonyooka kwa kawaida ni kazi ya karne ya 13, mawe ya ovyoovyo yaliyojazwa chokaa nyingi katikati ni ya baadaye. Sio sheria ya kukata lakini inasaidia.

Halafu madirisha. Ukiona dirisha kubwa lenye upinde mpana na pembeni yake mabaki ya kadirisha kembamba kalikozibwa, ujue kale kembamba ndo ka mwanzo, na lile kubwa lilitobolewa baadaye, mara nyingi karne ya 18. Kwa nini? Mwanga. Msharika aliyekuja na kitabu cha nyimbo mkononi lazima aone herufi. Upande wa kusini karibu na altare tafuta pia mlango mdogo uliozibwa kwa matofali, huo ulikuwa mlango wa padre enzi za Ukatoliki.

Mnarani juu kuna bati la upepo, lile linalozunguka kuonyesha upepo unakotoka, na limeandikwa mwaka. Hapo nawaonya kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kuwaambia wenzangu kumi na mbili kwa sauti ya mtaalamu kabisa kwamba kanisa lilijengwa mwaka ule ulioandikwa kwenye bati, mtunza kanisa akacheka mpaka akashika ukuta, akasema huo ni mwaka waliobadilisha bati. Mwaka ulioandikwa kwenye kitu unakwambia habari za kitu hicho tu, pengine hata sio kuzaliwa kwake bali kukarabatiwa kwake. Kwa hiyo soma neno lililo karibu na mwaka. "Erbaut" ni kujengwa, "renoviert" au "renovatum" au hata "renov." ni kukarabatiwa, "gestiftet" ni kwamba mtu alikitoa zawadi.

Ingia, kaa benchi, usiguse kitu

Hii watu wengi hawaifanyi. Kaa benchi ya katikati dakika tano, ujiulize macho yanavutwa wapi. Yakienda altareni ni kitu kimoja, yakienda mimbarini ni kitu kingine, na kama mimbari na altare vimepandana mahali pamoja basi umepata hadithi nzuri.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, washarika wengi walikuwa wanasimama, shughuli kubwa ilikuwa kule altareni. Baada ya hoja za Luther za mwaka 1517 na mabadiliko yaliyofuata, mahubiri yakawa moyo wa ibada, na mahubiri yenyewe marefu, kwa hiyo watu walihitaji kukaa na walihitaji kumsikia na kumwona mhubiri. Kanisa linalohesabiwa mara nyingi kuwa la kwanza kujengwa moja kwa moja kwa ajili ya ibada ya Kiprotestanti, ile chapeli ya ngome ya Torgau, Luther mwenyewe aliifungua tarehe 5 Oktoba 1544, na mimbari yake iko katikati ya ukuta wa pembeni, roshani zinazunguka, altare ni meza tu. Hiyo ni ya mtawala mwenye hela. Kijijini hela ya kujenga upya hamna, wakabaki na jengo lilelile la Kikatoliki wakahamisha vitu vya ndani. Ndo maana nasema fenicha.

Kitu kinachowashangaza wengi ni kukuta Bikira Maria na watakatifu wa kuchongwa, wamepakwa dhahabu, ndani ya kanisa la Kilutheri. Wanadhani wamekosea mlango. Luther aliporudi Wittenberg Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo kutuliza wale waliokuwa na haraka ya kuvunja picha na kubadili kila kitu kwa nguvu. Hakuzipenda kihivyo, ila alisema kuvunja sio njia. Matokeo yake vijiji vingi vya Kilutheri vilibaki na altare za zamani, wakati kwingine huko maeneo ya Kikatoliki zilitolewa zikawekwa mpya za mtindo wa baroki, ule wa mapambo mengi. Zürich, Uswisi, ndo waliziondoa, mwaka 1524, na makanisa yaliyofuata mkondo huo wa wanamatengenezo Zwingli na Calvin utayatambua upesi: ukuta mweupe, meza, Biblia, mimbari, hakuna picha na mara nyingine hata msalaba hamna. Prussia, ule ufalme mkubwa wa kaskazini mwa Ujerumani enzi hizo, waliunganisha Walutheri na hao wa mkondo wa Zwingli na Calvin (Wareformed) kuanzia 1817, wakati wa kuadhimisha miaka 300 ya Matengenezo, kwa hiyo usishangae ukikuta kanisa limechanganya tabia za pande mbili.

Ukutani upande wa kaskazini karibu na altare angalia kama kuna kishubaka chenye mlango wa mbao au chuma. Humo ndimo mkate uliowekwa wakfu ulikuwa unahifadhiwa kabla ya Matengenezo. Walutheri walikiacha, wengine wakawekea vyombo vya Chakula cha Bwana, wengine wakaziba, na juzijuzi wengine wamekifukua.

Halafu sasa mimbari juu ya altare. Katika ngome ya Wilhelmsburg kule Schmalkalden, chapeli iliyofunguliwa 1590, walipanga altare chini, mimbari juu yake, kinanda juu zaidi, vyote kwenye mstari mmoja. Huo mpango ukasambaa, na karne ya 17 na ya 18 vijiji vya Thüringen, Sachsen, Franken na Brandenburg vikajaa altare zenye mimbari katikati, palepale ambapo ungetegemea picha. Fundi wa kijijini alikuwa anatengeneza ukuta mzima wa mbao, nguzo mbili zilizosokotwa, malaika wawili juu, na kimlango cha nyuma mchungaji anaingilia. Mi naipenda sana hii, washarika wanaona Neno na Meza kwa mtazamo mmoja, hamna kugeuza shingo.

Karne ya 19 wakubwa wakachoka nayo. Mwaka 1861 yalitolewa maelekezo ya ujenzi wa makanisa kule Eisenach, yakasema mimbari isikae mbele wala nyuma wala juu ya altare, na mtindo uwe wa kikale, wa Kigothi hasa. Mimbari nyingi zikang'olewa zikapelekwa pembeni. Miaka thelathini baadaye, 1891, Wiesbaden wakatoa mwongozo wa kinyume chake, mimbari na altare virudi pamoja. We ukiwa pale kanisani, tafuta alama za huo mvutano. Zunguka nyuma ya altare (omba ruhusa kwanza) uone kama kuna ngazi ya mbao isiyoenda popote, au mlango uliopigiliwa misumari, au mbele katikati ya nguzo kuna picha ambayo rangi na fremu yake haifanani na vilivyoizunguka. Ukikuta hivyo, hapo mimbari ilikuwepo ikaondolewa.

Mimbari yenyewe ichunguze kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu. Chini mara nyingine inabebwa na mtu wa kuchongwa, mara nyingi Musa mwenye mbao za amri, maana Injili imesimama juu ya Sheria. Kwenye mbavu zake kuna wainjilisti wanne na alama zao, Mathayo mtu mwenye mabawa, Marko simba, Luka ng'ombe dume, Yohana tai. Juu kuna paa dogo, sio pambo, ni la kurudisha sauti chini, na chini ya hilo paa karibu kila mara utamkuta njiwa wa Roho Mtakatifu anamwelekea mhubiri kichwani. Na pembeni kama una bahati kuna saa ya mchanga, tena zile nzuri zina chupa nne kwenye fremu moja, ya robo saa, nusu saa, robo tatu na saa nzima. Washarika walikuwa wanaziona pia. Fikiria mhubiri anageuza ile ya saa nzima mara ya pili, nyuso zinavyokuwa.

Ubatizo, na malaika anayeshuka

Jiwe kubwa la ubatizo, zito, la duara, mara nyingi ni la zamani kuliko vitu vyote vya ndani. Zamani lilikaa karibu na mlango wa magharibi, kwa kuwa ubatizo ni kuingia. Walutheri wakalisogeza mbele ili usharika mzima ushuhudie. Angalia sakafuni magharibi kama kuna duara au kiraka cha mawe tofauti.

Juu ya jiwe kuna sahani ya shaba. Zile za Nürnberg za karne ya 15 na 16 zilisambaa sana, katikati zina Adamu na Hawa au malaika akimpasha Maria habari, na pembeni zimezungukwa na herufi. Usipoteze nusu saa kuzisoma zile herufi kama mimi, mara nyingi ni pambo lisilotoa neno lolote.

Ila mfalme wa fenicha za kijijini, kwa maoni yangu, ni malaika wa ubatizo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 na karne yote ya 18, vijiji vingi vya kaskazini na mashariki viliamua badala ya jiwe linalochukua nafasi, watundike malaika wa mbao darini, ukubwa wa mtoto au hata wa mtu mzima, ameshika sahani au taji la kuwekea sahani. Siku ya ubatizo anashushwa kwa kamba, kule juu darini kuna uzito wa kusawazisha, ibada ikiisha anapandishwa tena. Ni nafuu, nafasi inabaki, na watoto wote wa kijiji hawasahau. Karne ya 19 ikaona hii ni michezo ya kitoto isiyo na heshima ya ibada, malaika wakapandishwa darini moja kwa moja, wengine wakavunjika mbawa, wakaliwa na wadudu. Sasa hivi vijiji vingi vimewateremsha, vimewatengeneza, vimewarudisha kazini. Kanisani kwako inua tochi uangalie dari mbele ya altare. Kitundu kidogo cha duara, au ubao mmoja uliokatwa mraba, hapo alipita. Halafu muulize mtunza kanisa kwa upole, hivi kule juu darini hamna kitu kimefunikwa na turubai?

Nani alikaa wapi

Mabenchi yaangalie ubavuni. Namba, herufi za majina, mara nyingine jina zima la shamba, manake viti vilikuwa vinalipiwa na kurithiwa, na ugomvi wa viti umejaza makaratasi ya kanisa kuliko ugomvi wa imani. Kwa kawaida wanawake walikaa chini na wanaume roshani, au kila jinsia upande wake. Roshani zenyewe ziliongezwa karne ya 17 na 18 kila kijiji kilipokua, ndo maana nyingine zinakata dirisha katikati bila huruma. Kule nyuma kabisa roshani, mbali na macho ya mchungaji, tafuta mikwaruzo ya visu: majina, miaka, meli, farasi. Vijana ni vijana.

Karibu na altare kukiwa na kibanda chenye vioo, pengine na jiko la kupasha moto, hicho ni cha kabaila mwenye kijiji na familia yake. Yeye ndo alikuwa na haki ya kumpendekeza mchungaji na ndo alitakiwa kuchangia ukarabati wa jengo. Ngao yenye alama ya ukoo wake utaikuta kwenye mimbari, kwenye altare, kwenye kinara, kwenye kaburi la ukutani, na hii inakusaidia sana kwenye miaka: ukishajua ngao ni ya ukoo gani na ukoo huo ulishika kijiji lini, vitu vyote vyenye ngao hiyo umevipatia mipaka ya tarehe bila kuuliza mtu.

Kuna na kiti kingine kitakachokushangaza, kiti cha maungamo. Ndiyo, kwa Walutheri. Maungamo ya mtu mmoja mmoja kwa mchungaji kabla ya Chakula cha Bwana yalidumu vijijini mpaka karne ya 18, na viti vyenyewe vingine bado vipo pembeni ya altare, siku hizi vinawekewa mifagio na maua ya plastiki.

Ukutani usome mbao za majina. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, aliagiza tarehe 5 Mei 1813 kwamba makanisa yaweke mbao za waliokufa vitani, ndo maana nyingi zinaanza na maneno yale yale, kwamba kutoka usharika huu walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi. Halafu inakuja ya vita na Ufaransa, 1870 hadi 1871, halafu ya 1914 hadi 1918, na hapo majina yanajaa. Linganisha majina ya ukoo kwenye mbao na yale ya kwenye mabenchi. Kijiji cha nyumba thelathini, jina moja mara nne.

Na kama kuna vishubaka vidogo vya mbao vyenye mataji ya maua ya karatasi na waya vilivyofifia, nenda taratibu. Hayo ni mataji ya wafu, yaliwekwa kwenye majeneza ya watoto na ya vijana waliokufa kabla ya kuoa au kuolewa, badala ya taji la harusi ambalo hawakulipata, halafu yakatundikwa kanisani pamoja na jina na tarehe.

Vidogovidogo vingine pita haraka: sanduku la sadaka la gogo la mwaloni lililofungwa kwa vyuma, mara nyingi na kufuli tatu, ili mchungaji na wazee wa kanisa lazima wawepo wote ndo lifunguke (wazo ambalo halijapitwa na wakati), kimfuko cha sadaka kwenye mti mrefu chenye kengele kidogo chini yake, vinara vya bati vyenye jina la aliyetoa, ubao wa namba za nyimbo.

Kinanda na kengele, hapo ndo vita vilipopita

Kinanda cha mabomba kiangalie mabomba ya mbele. Yaking'aa kibluu kijivu na kuonekana mepesi, huenda ni zinki. Mwaka 1917 serikali ilichukua mabomba ya mbele ya bati kwa ajili ya vita, na makanisa mengi baadaye yakaweka ya zinki kwa kuwa ndo yaliyowezekana kulipiwa.

Kengele ndo zaidi. Mwaka huohuo 1917 zilichukuliwa kwa wingi zikayeyushwa, na kuanzia 1940 zikachukuliwa tena, safari hii zikapangwa madaraja A, B, C na D, D zikiwa zile za thamani kubwa za kale, A ziliyeyushwa kwanza, na kwa kawaida kanisa la kijiji liliachiwa kengele moja ndogo. Kwa hiyo ukipanda mnarani (na mtunza kanisa, sio peke yako, zile ngazi zimeua watu) ukute fremu ya mbao ina nafasi ya kengele tatu lakini iko moja, huhitaji kuuliza. Au ukute moja ya shaba ya karne ya 15 na mbili za chuma zenye kutu. Hizo za chuma zilinunuliwa baada ya vita kwa sababu shaba ilikuwa ghali, na nyingi zinatoka Bochum, walikoanza kusubu kengele za chuma kigumu (steel) katikati ya karne ya 19. Sauti yake kavu kidogo, lakini hamna mtu angezichukua tena kwenda kuyeyusha mizinga.

Maandishi ya kengele huzunguka begani. Ukikuta "goss mich" kabla yake kuna jina la fundi, maana yake fulani alinisubu, kengele inaongea yenyewe. Ukikuta herufi V D M I Æ peke yake, ni Kilatini, Neno la Bwana hudumu hata milele, 1 Petro 1:25, ilikuwa kama nembo ya upande wa Matengenezo. Utaikuta pia kwenye mimbari na juu ya milango.

Miaka iliyofichwa na tarehe za mtego

Mara nyingine unaona sentensi ya Kilatini yenye herufi kubwa mahali pasipo na maana, katikati ya neno. Usidhani fundi alikuwa mlevi. Chukua zile kubwa tu, zisome kama namba za Kirumi, ujumlishe. Mfano, ChrIstVs DVX ergo trIVMphVs. C ni 100, I mbili ni 2, V nne ni 20, D ni 500, X ni 10, M ni 1000. Jumla 1632, mwaka aliouawa mfalme Gustav II Adolf wa Sweden vitani Lützen. Kwenye makaburi ya ukutani na altare utakutana na mchezo huu mara nyingi, na ukiupatia mbele ya wenyeji watakuheshimu jioni nzima.

Tarehe nazo zina mitego. 7bris sio mwezi wa saba, ni Septemba. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Na maeneo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalibadili kalenda mwaka 1700, baada ya tarehe 18 Februari ikafuata moja kwa moja tarehe 1 Machi, kwa hiyo tarehe za kabla ya hapo zinaachana na za majirani wao Wakatoliki kwa siku kumi. Mtu anaweza kuonekana kazikwa kabla hajafa, kumbe kalenda mbili.

Makaratasi

Rejista za ubatizo, ndoa na mazishi vijijini mara nyingi zinaanza baada ya vita vya miaka thelathini, vya 1618 mpaka 1648, za kabla yake ziliungua pamoja na nyumba ya mchungaji. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa dola nzima tarehe 1 Januari 1876, kwa hiyo kabla ya hapo kanisa ndo ofisi. Nyingi siku hizi zimepigwa picha na zinaonekana mtandaoni kwa malipo. Shida ni mwandiko, ule wa zamani wa Kijerumani ambao e inafanana na n na h ina mkia juu na chini. Jifunze kwa kuandika jina lako mwenyewe kwa mwandiko huo kila siku wiki mbili, ndo njia ya haraka niliyoiona.

Ila kwa habari za fenicha rejista za ubatizo hazikusaidii sana, omba vitabu vya hesabu za kanisa. Humo ndo utamkuta seremala kalipwa taler (pesa ya zamani ya fedha) ngapi kwa roshani, mchoraji kalipwa nini kumpaka malaika rangi, na nani alikataa kulipia benchi. Kumbuka taler moja ilikuwa Groschen 24, na Prussia kuanzia 1821 ikawa Silbergroschen 30, la sivyo hesabu zako zitakataa kujumlishika. Kama hesabu za mwaka fulani hazina kitu na kijiji kinasema "roshani ni ya mwaka huo", amini kitabu kwanza halafu rudi ukaangalie mbao. Mbao nazo zinaweza kupimwa umri kwa pete za mti, hasa boriti za paa zilizobaki na ukingo wa gome, na kwa kuwa mwaloni ulikuwa unafanyiwa kazi ukiwa mbichi, mwaka wa kukatwa mti na mwaka wa kujenga haviachani sana.

Ukiandika, gawa ukurasa mara tatu: nilichokiona kwa macho, nilichokisoma mahali, nilichoambiwa. Usivichanganye. Yale ya kuambiwa yaandike na umri wa aliyekwambia (jina sio lazima) na yeye aliyapata kwa nani. Picha piga kila kifaa mara mbili, moja kikiwa mahali pake na kinachokizunguka kinaonekana, nyingine ya karibu na rula au kiganja pembeni kwa ajili ya kipimo. Ukimaliza mpe mtunza kanisa nakala, ya karatasi, maana wengi wao ni wazee na faili la kwenye simu kwao ni sawa na hewa.

Na ufunguo urudishe. Zile funguo za makanisa ya zamani ni za chuma, ndefu kama kisigino mpaka vidole, unadhani haiwezekani kuisahau mfukoni, mi nimeshafika nayo mpaka stesheni ya treni na Jumapili ilikuwa kesho yake.